Nyumba Iliyokwama Kwenye Kona

Baba yao alikuwa kinyozi mpaka siku ile mkono wake wa kulia ulipokufa ukiwa umeshika mashine, mteja bado yuko kitini. Kiharusi kilimwachia mguu mmoja, mkono mmoja na neno moja. Neno lenyewe lilikuwa "haya." Akitaka maji, haya. Akikasirika, haya. Binti yake alikuwa amejifunza kuzitofautisha kama mama anavyotofautisha vilio vya mtoto mchanga: kulikuwa na haya fupi ya njaa, haya ndefu ya kukubali, na ile haya ya chini, ya kuvuta, ambayo maana yake ilikuwa niacheni kwanza.

Binti huyo alikuwa msusi. Aliishi na baba yake kwenye chumba kimoja na jiko, ghorofa ya tatu, katika jengo lisilo na lifti. Mzee aliteremshwa pale alipohitaji kwenda hospitali tu, na kazi hiyo ilitaka wanaume wanne, kiti kimoja na matusi mengi kwenye kona za ngazi. Siku nyingine zote alikaa dirishani akiangalia ukuta wa jengo la jirani, ambao haukuwa na dirisha hata moja.

Kisha mwenye nyumba akauza jengo, na mnunuzi akataka kulibomoa. Wapangaji wakaambiwa watafute pa kwenda. Wenye miguu yao wakahama. Msusi akazunguka mji mzima. Kila chumba alichoonyeshwa kilikuwa na ngazi, au choo cha nje, au mlango usiopitisha kiti cha magurudumu. Wenye nyumba wengine walikuwa wema hadi wakasikia habari za mgonjwa, hapo ghafla chumba kikawa kimeshachukuliwa.

Maji yalikuwa yamemfika shingoni ndipo mdogo wake akaja na simu mkononi.

Mdogo wake huyo watu walimwita Chapchap, na jina alilipenda. Alishauza masufuria, alishauza mitungi ya gesi, alishauza bima. Sasa alikuwa wakala wa kampuni inayotengeneza nyumba za kapsuli. Akamwekea dada yake video: lori linafika, kreni inanyanyua, nyumba nyeupe iliyoviringana pembe zote, upande wa mbele kioo kitupu, inateremka juu ya msingi na kutulia.

"Inatoka kiwandani kila kitu kimo," alisema. "Choo kimo, jiko limo, taa zimo. Ukiiweka chini unachomeka umeme, unaingia. Nyumba ya matofali utajenga mpaka uote mvi, dada."

"Inafanana na kidonge."

"Si ndiyo jina lake? Kapsuli."

"Sasa baba ataimeza na maji au na chai?"

"Haya," mzee akasema kutoka dirishani, nao wakacheka wote wawili, kwa sababu ilikuwa haya ndefu.

Kiwanja kilikuwepo. Mama yao aliwaachia kipande kidogo mwisho wa kichochoro kimoja, nje kidogo ya mji, ambacho hakuna aliyekishughulikia tangu azikwe.

"Itachukua muda gani?" msusi aliuliza.

"Kabla hamjatolewa humu, baba atakuwa anaota jua kwenye uwanja wake mwenyewe."

Hakuwa anadanganya. Hilo msusi alilikubali hata baadaye, wakati ambapo hakukubali tena jambo lolote kutoka kwa mdogo wake. Chapchap aliamini kila alichouza.

Ucheleweshaji wa kwanza ulitoka kwa msusi mwenyewe. Nyumba hizo hutoka kiwandani kwa kipimo kimoja, kama mikate. Yeye akataka mlango mpana na bafu lisilo na kizingiti, kiti kiweze kuingia mpaka ndani. Kiwandani wakasema sawa, lakini fremu ya chuma itabidi ikatwe upya, na nyumba yake itoke kwenye mstari ipishe za wengine.

"Chukua ya kawaida, dada," Chapchap alimshauri. "Mlango tutaupanua baadaye."

"Na baba aingilie wapi? Bombani?"

Chapchap akainua mikono. Fremu ikakatwa upya.

Wakati huohuo fundi wa msingi, mtu mnene mwenye kikohozi kisichoisha, alianza kuchimba kiwanjani. Kwenye kona moja jembe likazama kama limetumbukia kwenye uji. Kumbe miaka ya nyuma watu wa kichochoro walikuwa wakitupa taka pale, wakafukia juu, wakasahau. Wakafukua viatu, chupa, mifuko, godoro zima lililooza. Ikabidi waendelee kwenda chini mpaka wakute udongo unaoshika. Shimo lilipokuwa tayari, mvua ikalijaza. Wakayachota maji kwa ndoo, na mvua ikalijaza tena. Zege lilipomwagwa hatimaye, fundi alikataza lisiwekewe mzigo mpaka likomae. Chapchap akawa analitembelea kila asubuhi na kuligonga kwa kisigino, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni.

Umeme nao ukawa na wimbo wake. Ofisi ilisema mita haiwekwi pasipo nyumba. Nyumba ikishakaa, mkaguzi atakuja kuitazama. Na mkaguzi mwenyewe yuko likizo.

Huko mjini wabomoaji hawakuwa na likizo. Walianzia juu. Waling'oa mabati, wakang'oa milango ya ghorofa ya mwisho, wakakata maji. Msusi akawa anapandisha ndoo ngazi zote zile akitoka kazini, vidole vimekufa ganzi kwa kusuka, na akifika chumbani anamkuta mzee amekuwa mweupe kwa vumbi hadi kwenye kope. Alimfuta kwa kitambaa chenye maji. Hakuwa na la kumwambia zaidi ya "bado kidogo, baba."

Siku lori lilipofika na nyumba, kreni ikilifuata nyuma, msusi alifunga kibanda chake cha kusukia akaenda kuipokea. Kichochoro kilikuwa na kona moja tu, na kwenye kona hiyo palikuwa na nyumba ya mkunga mstaafu, mjane aliyeishi peke yake nyuma ya ukuta wa matofali. Dereva wa lori akashuka. Akaitazama kona, akautazama mzigo wake, akamgeukia Chapchap.

"Njia hii nani aliipima?"

"Mimi."

"Kwa kitu gani?"

Chapchap akageuka kuitazama kona. Alikuwa amepita pale kwa pikipiki mara nyingi sana, na pikipiki haikuwahi kukwama.

Kuirusha nyumba juu ya ukuta kwa kreni haikuwezekana. Nyaya za umeme zilipita papo hapo. Ilibaki kuvunja pembe ya ukuta. Wakapiga hodi.

"Shikamoo, mama," Chapchap alianza.

"Marahaba. Nimewasikia. Mmekuja kuvunja ukuta wangu."

"Pembe tu, mama. Pembe ndogo. Nyumba ikipita, kesho yake tunaujenga, tena mzuri kuliko huu."

Mkunga aliegemea geti. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mikono mikubwa. "Watu wa bomba la maji walisema hivyohivyo. Kesho yake. Nilikaa na lile pengo mpaka wezi wakaizoea nyumba kuliko mwenyewe. Walichukua redio, wakarudi wakachukua sufuria, wakarudi tena nadhani kuniaga. Sitaki kesho yake ya mtu."

"Baba yangu ni mgonjwa, mama," msusi alisema. "Hawezi kutembea. Tunatolewa tulipo."

"Nakuamini, mwanangu. Pole sana. Basi nileteeni matofali na fundi hapa, niwaone kwa macho yangu. Hapo hata leo mtavunja."

Lilikuwa jambo la haki, na msusi alimwambia mdogo wake hivyo. Lakini fundi mnene alikuwa ameshachukua kazi nyingine mbali, na Chapchap aliona ukaidi wa mwanamke mmoja usingeshinda ulimi wake. "Niachie mimi. Huyo namlainisha," alisema. Akaanza kumwita Mama Ukuta, na vibarua wakacheka.

Dereva wa kreni alikuwa na kazi mji mwingine. Alisubiri mpaka akachoka kusubiri. Ndipo wakaiteremsha nyumba mdomoni mwa kichochoro, kwenye uwanja wa wazi alipokuwa muuza mchanga na kokoto, wakaikalisha juu ya magogo. "Mkiwa tayari mniite," dereva alisema, akaondoka na vumbi lake.

Kama vile mtu amepanga, ndiyo siku wabomoaji walipofika ghorofa ya tatu. Msimamizi wao hakuwa mtu mbaya. Aliwapa watu wake wanne wamteremshe mzee, akawasaidia na godoro. Kisha wakasimama barabarani, msusi, mdogo wake na baba yao kitini, vyombo vimerundikwa miguuni.

"Tumpeleke kwenye nyumba yake," Chapchap alisema.

"Ipi? Ile iliyo barabarani?"

"Nyumba ni nyumba, dada. Ina paa, ina kitanda. Au una pengine?"

Hakuwa na pengine. Chumba cha Chapchap chenyewe kilikuwa juu ya duka la rangi, ngazi zake zimesimama wima kama za kuchumia nazi.

Siku za mwanzo, ukweli usemwe, zilikuwa siku nzuri. Muuza mchanga aliwavutia waya kutoka kwenye banda lake. Haukuweza kuendesha kiyoyozi, ungeungua, lakini uliwasha taa na feni. Mlango mpana waliuacha wazi kutwa nzima. Mzee aliwekwa mbele ya kile kioo kikubwa, na kwa mara ya kwanza tangu augue akawa na barabara ya kuangalia. Waendesha mikokoteni walimpungia mkono. Wanafunzi walisimama wakagonga kioo. Naye akawapungia kwa mkono wa kushoto, akipaza sauti, "Haya! Haya!" kama mwenye duka anayekaribisha wateja. Msusi alimnyoa ndevu palepale kiooni na watu wakapiga makofi. Usiku ule, alipomfunika shuka, alimwona anatabasamu gizani.

Chapchap alimpiga video akipunga mkono. Akaanza pia kuleta wateja wake waione nyumba, kwa kuwa ilikuwa njiani na haihitaji maelezo.

"Baba si bango la biashara," msusi alimwambia.

"Acha watu waone, dada. Wakinunua wengi kampuni itatuletea kreni haraka."

Kwa huyo mkunga alikwenda mara kadhaa, kila mara na maneno mapya na bila tofali hata moja. Kisha siku moja, katika zile pitapita za wateja, mtu akaondoka na simu ya msusi iliyokuwa juu ya kitanda. Kuanzia hapo Chapchap akawa anafunga mlango kila watu wakizidi. Mlango ulikuwa na kitasa cha namba. Ulibonyeza, kikalia, kikafunguka.

Ikafika siku ya bibi harusi. Msusi alikuwa ameahidi kumsuka yeye na ndugu zake wote, kazi ya kuanzia asubuhi mpaka jioni. Alimwachia mdogo wake maagizo mlangoni, kiatu kimoja mguuni.

"Jua likigeuka linapiga kiooni moja kwa moja. Mlango uache wazi. Ukitoka, mwite muuza mchanga akae naye."

"Nimekuelewa."

"Umenielewa au umenisikia?"

"Dada, nenda kazini. Ni baba yangu pia."

Mchana Chapchap akapigiwa simu. Mkaguzi wa umeme alikuwa amerudi likizo, yuko kiwanjani, na anaondoka sasa hivi. Chapchap akatoka mbio kumwita muuza mchanga. Muuza mchanga alikuwa ameenda kupeleka mzigo. Wanaume wawili asiowajua walikuwa wamesimama mlangoni wanachungulia ndani. Akafikiri kwa haraka, kama alivyofikiri siku zote. Akasogeza feni imwelekee mzee, akampa kikombe cha maji mkono wa kushoto, akavuta mlango. Kitasa kikalia.

"Baba, narudi sasa hivi," alisema kabla mlango haujafunga.

"Haya," mzee alijibu.

Ilikuwa haya ipi, Chapchap hakujua. Hakuwahi kujifunza.

Kiwanjani mkaguzi aliukuta msingi mzuri na juu yake hakuna kitu. "Nimekagua hewa," alisema. Chapchap akamsihi aandike kwamba nyumba iko karibu, itafika baada ya siku chache. Mkaguzi akakataa. Chapchap akamshika mkono ampeleke akaione kwa macho, na walipofika kwenye kona wakamkuta mkunga ametoka nje, amesimama getini anajipepea kwa kipande cha boksi.

Chapchap akaona bahati imemwangukia. Ana mtu wa serikali ubavuni na mama mwenyewe mbele yake. Akaanza kuongea. Mkunga alimsikiliza, maana moyo wake ulikuwa umeshalegea. Alipita kwenye ile nyumba asubuhi moja na mzee akampungia mkono, naye akapunga. Alisema anamfahamu fundi mmoja. Alisema matofali anayo ya zamani, nyuma ya nyumba, hayatoshi, lakini ya kuanzia yapo. Wakaingia kwenye habari za saruji. Mkaguzi akatoa hoja zake. Ikawa mazungumzo mazuri, ya watu wanaoelekea kuelewana, na hakuna aliyetaka kuyakatisha.

"Na leo mzee yuko na nani?" mkunga aliuliza katikati ya maneno.

"Amepumzika, mama. Nimemwachia feni."

Mkunga aliacha kujipepea.

"Feni gani? Umeme umekatika mtaa mzima kitambo sasa. Unadhani nimefuata nini huku nje?"

Yeye ndiye aliyekimbia kwanza, kandambili zikabaki njiani. Chapchap alimpita kabla ya mwisho wa kichochoro. Alibonyeza namba, kitasa hakikulia. Akabonyeza tena, kimya. Bila umeme, kitasa kilitegemea betri za akiba, na betri za akiba zilikuwa bado kwenye boksi lake, na boksi walikuwa wanaliona kupitia kioo, juu ya meza ya jikoni.

Mzee pia walimwona. Hakuwa mahali alipoachwa. Alijaribu kwenda mlangoni. Lakini kiti kikisukumwa kwa mkono mmoja huzunguka, na sakafu nyeupe ilikuwa na alama za magurudumu, duara juu ya duara, zikisogea kidogokidogo kuelekea mlango na kuishia njiani. Kichwa chake kilikuwa kimeangukia kifuani.

Chapchap alipiga kioo kwa jiwe, jiwe likaruka. Alichukua sepetu ya muuza mchanga, mpini ukavunjika. Kioo kilikuwa cha tabaka mbili, kampuni ilikisifia sana kwa hilo, yeye mwenyewe alikisifia. Alikuwa analia na kupiga kwa wakati mmoja. Mwendesha gari aliyekuwa akipita alileta chuma cha kufungulia magurudumu, ndipo kioo kikapasuka kama utando wa buibui, lakini hakikuanguka. Wakakisukuma kwa mabega mpaka kikazama ndani.

Joto lililotoka humo liliwafanya warudi nyuma. Mkunga hakurudi. Alipita juu ya vioo, akamshika mzee, ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto kama sufuria. "Mtoeni! Kivulini! Leteni maji, maji yoyote, na nguo! Usimnyweshe wewe, atapaliwa, mmwagie mwilini!" Alimlaza kwenye kivuli cha lundo la mchanga, akamlowesha, akampepea kwa pindo la gauni lake mwenyewe, damu ya kiganja chake kilichokatwa na kioo ikitiririka pamoja na maji. Mzee alikuwa anapumua. Alipumua mpaka gari likaja, na alipumua njia nzima.

Aliyempigia msusi kwenye simu yake mpya alikuwa mkunga, kwa simu ya Chapchap, kwa sababu Chapchap mwenyewe hakuweza kuishika. Msusi alifika hospitali na vipande vya nywele za watu vimemganda kwenye mikono. Alikaa na baba yake usiku kucha. Alimwita. Alimwambia majina ya wateja wake wa zamani, aliyekuwa na kovu kisogoni, aliyekuwa akisinzia kila akinyolewa. Mzee hakufumbua macho. Alifariki asubuhi, wahudumu wakiwa wanabadilishana zamu.

Baada ya mazishi ndugu hao wawili walibaki peke yao kwenye ua wa mkunga, ambaye alikuwa amempa msusi chumba cha nyuma.

"Dada," Chapchap alisema.

"Niambie kitu kimoja tu. Ulipofunga mlango, alisema nini?"

"Alisema haya."

"Haya gani?"

Chapchap alimtazama bila kuelewa.

"Iseme alivyoisema."

Akajaribu. Ikatoka fupi. Akatikisa kichwa, akaisema ndefu. Akafumba macho, akaanza ya tatu, akaiachia njiani. "Sikumbuki," alisema. "Dada, wallahi sikumbuki. Nilikuwa naangalia kitasa."

Msusi aliinuka, akaingia chumbani. Hakumtukana. Ingekuwa nafuu kwa Chapchap kama angemtukana. Usiku huohuo yeye naye alikuwa na kesi ya kusikiliza kichwani mwake, na mshitakiwa hakuwa Chapchap peke yake. Kama angechukua mlango wa kawaida, nyumba ingetoka mapema, kabla ya mvua, kabla ya likizo ya mkaguzi. Kama angekwenda mwenyewe kununua matofali. Kama bibi harusi angechagua siku nyingine. Alilihesabu jambo hilo huku na huku, kila upande lilitoka vilevile.

Mkunga hakusubiri mtu. Aliita fundi anayemfahamu, akaivunja pembe ya ukuta wake, na matofali akayapanga pembeni tayari kwa kujengea. Kreni ikarudi. Nyumba ikapita kwenye kona kwa taabu, ikafika mwisho wa kichochoro, ikateremshwa juu ya msingi ambao sasa ulikuwa umekomaa kupita kiasi. Kazi hiyo ilianza watu wakiwa wanakunywa chai ya asubuhi na chakula cha mchana kilikuwa hakijaiva ikawa imekwisha. Kwenye video kampuni haikusema uongo. Kioo kipya ndicho kilichokawia, maana kiliagizwa kutoka mbali, na kwa muda mrefu msusi aliishi nyuma ya mbao zilizopigiliwa misumari. Hakuona tofauti kubwa.

Alihamia kwa sababu hakuwa na pengine pake mwenyewe. Watu walisema ana roho ngumu.

Siku moja akiwa anasuka, mteja wake, mwanamke mchangamfu asiyejua lolote, akamwinulia simu. "Hebu ona huyu babu jamani, utapenda." Ilikuwa ile video. Mzee yuko kiooni, anapunga mkono, midomo inasema haya, na juu yake kampuni imeandika maneno kuhusu furaha ya uzeeni na nyumba inayokamilika haraka. Ilikuwa imeshatazamwa na watu wengi kuliko wakazi wa mji wao.

Msusi alimaliza msuko aliokuwa ameushika, akaomba radhi, akatoka nje.

Chapchap alikuwa ameshaacha kazi ile. Alikwenda kwenye kampuni kuwaomba waiondoe. Wakampa pole, wakamweleza kwamba video aliitoa mwenyewe na sasa ni mali yao. Alirudia kwenda. Mara ya mwisho walinzi walimtoa nje kwa nguvu, akaja kwa dada yake shati limechanika begani. Alisimama nje ya nyumba. Tangu siku ya kifo hakuwahi kuvuka mlango ule.

"Wamekataa," alisema.

"Nilijua."

"Nitakwenda tena."

"Nenda," msusi alisema. Kisha, kwa kuwa jua lilikuwa kali, akamletea maji pale nje. Hakukaa naye. Lakini alimletea, na Chapchap aliyanywa yote.

Siku moja akaja wakala mpya wa kampuni, kijana wa suti ya kijivu, pamoja na mume na mke waliotaka kuona nyumba iliyokwisha kusimama. Wakala aliomba ruhusa kwa adabu. Msusi alikuwa anaanika nguo. Akasema watazame tu.

Mume alizunguka nyumba yote akigonga kuta. "Na hii ilichukua muda gani kuisimamisha?"

"Asubuhi moja tu, mzee wangu," wakala alijibu. "Muulize mwenyewe."

Mume akamgeukia msusi. Msusi akaining'iniza kanga aliyoishika, akafuta mikono.

"Asubuhi moja, ni kweli," alisema. "Mna mgonjwa nyumbani?"

"Mama mkwe wangu," mke alijibu. "Ndiyo maana tuna haraka."

Basi msusi akawaeleza. Aliwaeleza habari za udongo laini na mvua, za mlango alioubadilisha, za kona, za mkaguzi, za waya wa muuza mchanga. Hakupandisha sauti. Wakala alijaribu kuingilia, mke akamwonyesha kiganja anyamaze. Hata alipofika kwenye kitasa aliendelea mpaka mwisho, pamoja na hospitali.

Mke ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo, "Na hapa mchana jua linapiga upande gani?"

"Huohuo mliosimama."

Wakasogea kivulini wote watatu, hata wakala.